Aliyenifungia Nyuzi za Banjo

Mwenye kutaka kucheka acheke sasa amalize, halafu anisikilize. Kisa hiki nimemsimulia mchungaji wangu, nimewasimulia shemeji zangu wa Bungoma, hata daktari mmoja kijana nilimsimulia, na wote walianza kwa kucheka. Sikuwalaumu. Lakini sikukisikia kwa mtu. Kilinipata mimi mwenyewe, mchana, nyumbani kwangu Kitale, nikiwa sijanywa kitu zaidi ya chai ya maziwa.

Miaka ile ya elfu mbili na kidogo nilikuwa nauza misumari, rangi na mabati katika duka la vifaa vya ujenzi mjini. Tulipanga vyumba viwili nje kidogo ya mji, upande wa barabara ya Kapenguria, mimi, mke wangu Nasimiyu na binti yetu Mercy. Kisha akazaliwa mtoto wa kiume, na usingizi ukahama kwetu.

Najua watoto hulia. Mercy naye alilia. Lakini huyu alikuwa anashika ziwa, ananyonya mara mbili tatu, analiachilia, anageuza uso kuelekea mlangoni na kuanza upya. Kliniki walimpima masikio, tumbo na damu, wakasema hana ugonjwa. Hata hivyo kila alipowekwa kwenye mizani, uzito ulikuwa umepungua. Shingo yake ikawa nyembamba mpaka nikaogopa kumbeba. Nasimiyu naye akakonda, akaanza kuongea kwa kunong'ona hata mtoto akiwa macho. Siku moja aliniambia, "Baba Mercy, huyu mtoto ni kama hajaamua kukaa." Nilimkemea asiseme hivyo tena. Ukweli ni kwamba hata mimi nilikuwa nawaza vivyo hivyo.

Tukamwita Kukhu. Ndivyo sisi Wabukusu tunavyomwita nyanya, na huyu alikuwa mama mzazi wa marehemu baba yangu. Alikaa Matulo, karibu na Webuye, peke yake na kuku wake na shamba lake la mahindi. Kwetu mtoto akilia namna hiyo, wazee husema anadai jina. Kuna marehemu wa ukoo anayetaka kuitwa tena. Basi mtoto anapakatwa, majina ya waliokufa yanatajwa moja moja, na likifikiwa lenyewe, mtoto ananyamaza na kunyonya. Ni ya waliokufa tu. Jina la mtu aliye hai haliitwi juu ya mtoto, maana ni sawa na kumtakia kifo. Mimi ni mtu wa kanisa, na mambo haya nilikuwa nayaitikia kwa adabu tu, lakini wakati ule hata ungeniambia nimvalishe mtoto kofia ya maganda ya mahindi, ningemvalisha.

Kukhu alikaa kwenye kochi letu, akamweka mtoto mapajani, akaanza. Alitaja mababu ambao sikuwahi kuwasikia. Alipofika kwa jina la baba yangu, nilibana pumzi. Nilikuwa nimelitarajia, nilikuwa nalitaka sana, nataka niseme wazi. Mtoto akaendelea kulia kama hajasikia kitu. Nilitoka nje nikajifanya naangalia nguo kwenye kamba.

Aliporudia yote mara ya pili na mtoto asinyamaze, Kukhu alimrudisha kwa mama yake. "Majina yameisha, papa," akaniambia. Papa ndivyo anavyowaita wavulana wote wa nyumba yake, hata wenye ndevu. Akarudi Matulo akiwa amenyong'onyea.

Sasa banjo inaingiaje hapa? Subiri. Kitu kimoja tu kilimtuliza yule mtoto: redio ikipiga litungu, kile kinubi chetu cha Kibukusu. Nyuzi zikianza kulia, yeye ananyamaza, macho wazi, mpaka wimbo uishe. Lakini redio hupiga inachotaka yenyewe. Nikasema basi, nitatafuta chombo chenye nyuzi nipige mwenyewe. Mimi, ambaye kwenye kwaya nimewekwa safu ya nyuma na kuombwa niimbe polepole! Nasimiyu alinitazama kwa huruma.

Litungu sikupata. Nilichopata, kwa muuza mitumba ya vyombo pale sokoni, ni boksi lenye banjo iliyo vipande vipande, ya kujiundia mwenyewe: duara la mbao, ngozi nyeupe ya plastiki, shingo, kulabu na skrubu ndani ya mfuko. Hakukuwa na maelezo wala uzi hata mmoja. Mimi nikasema, mtu wa hardware atashindwa na skrubu? Duara nikaliunganisha vizuri tu. Shingoni, katikati, kulikuwa na tundu la kigingi lililokaa peke yake mbali na mengine manne. Nikadhani kiwandani walikosea, nikaliziba kwa gundi ya mbao.

Nyuzi ndizo zilizonishinda. Kitale nzima nilipata pakiti moja tu ya nyuzi za gitaa. Nikachagua zile nene, kwa hesabu yangu kwamba nene ndiyo yenye nguvu, nikakaza mpaka mkono ukauma. Mmoja ukakatika na kunichapa shavuni. Zilizobaki zilivuta shingo ikaanza kupinda, na kile kidaraja cha mbao ambacho nyuzi hupita juu yake kikazama kwenye ngozi. Ukigusa, sauti ilikuwa ya sufuria iliyoanguka. Mtoto aliposikia, alilia zaidi.

Jumamosi moja alasiri nilikuwa verandani na hiyo takataka yangu. Mvua ya Kitale ilikuwa inanyesha, ile yenye mawe. Mercy alikuwa amelala. Nasimiyu alikuwa chumbani anazunguka na mtoto, na kilio nilikisikia kupitia ukutani. Nikasikia mtu ananisalimu kwa Kibukusu, "Mulembe."

Nikainua macho. Kijana alikuwa amesimama kwenye ukingo wa veranda, anajikinga mvua. Umri wangu, au chini kidogo. Koti refu la kahawia, suruali imepanuka chini, ya mtindo uliopitwa hata na mitumba. Nikafikiri, huyu anatoka ndani kabisa huko milimani. Nikamjibu mulembe, nikamkaribisha ndani, akakataa. Nikamkaribisha chai.

"Chai wekea mgeni, mimi si mgeni," akasema. Macho yake yalikuwa kwenye banjo. "Na hii, umeifunga ama umeinyonga?"

Si ungecheka? Nilicheka, mara ya kwanza baada ya majuma mengi.

"Toa hizo waya zote," akasema. "Ni nene, zitavunja shingo. Banjo haitaki nguvu, bana. Inataka waya nyembamba."

"Sina nyingine. Nimetafuta mji mzima."

"Na ile baiskeli?"

Baiskeli yangu ilikuwa imeegemezwa pale pale. Usiniulize kwa nini nilimtii mtu ambaye hata jina lake sijui. Nilichukua koleo nikaifungua waya ya breki ya nyuma, nikaikata, na kwa maelekezo yake nikaanza kuifumua. Hivi unajua ndani ya waya ya breki kuna nini? Nyuzi nyingi nyembamba za chuma zilizosokotwa pamoja. Aliniambia niufunge mmoja kwenye nguzo ya veranda na kuuvuta kwa kitambaa taratibu, mara nyingi, mpaka uache kujikunja. Uzi mmoja peke yake kwa sauti ya juu. Mbili zilizosokotwa kwa unaofuata. Kisha tatu, kisha nne.

"Na pale ulipaziba ni pa nini?" akauliza.

Nikaona aibu. Nikachokoa ile gundi kwa msumari, nikachomeka kigingi nilichokuwa nimekitupa kwenye mfuko. Hapo, akasema, unakaa uzi mfupi ambao dole gumba linaugusa kila mara, ndio unaoipa banjo mwendo wake. "Huo usiweke waya," akasema, na sauti ikashuka. "Waya itamshtua mtoto. Weka nailoni." Nikakata uzi wa nailoni ambao Mercy hutungia shanga zake.

Kisha ngozi. Nisikaze kulabu kwa mfuatano, ila moja huku, nyingine upande wa pili, kidogo kidogo, kama mtu anavyokaza nati za gurudumu la gari. Kisha kidaraja. Nichukue uzi wa kushonea, nipime toka juu kabisa ya shingo hadi chuma cha kumi na mbili kati ya vile vyembamba vilivyokatiza shingo, halafu urefu ule ule toka hapo kwenda chini. Uzi ulipoishia, ndipo kidaraja kikasimama. "Sasa sikiza," akasema. "Ikidanganya, utajua." Nikagusa, nikasogeza kidogo sana, nikagusa tena. Haikudanganya.

Kitu kimoja nilikiona lakini sikukifikiria. Muda wote huo yeye hakugusa chochote. Mikono ilikuwa ndani ya mifuko ya koti. Nilipomaliza nilimnyooshea banjo apige, na wallahi, uso aliokuwa nao siwezi kuueleza. Aliitazama kama mtu mwenye njaa anavyotazama sahani ya mwenzake. Mkono ukatoka mfukoni kidogo, ukarudi.

"Piga wewe," akasema. "Mimi nitakuimbia."

Akaanza kuimba kwa pua, polepole, wimbo mfupi unaojizungusha. Mimi nikaufuata na vidole vyangu vya kuuzia misumari. Nilikosea, akarudia. Nikakosea tena, akacheka, akarudia. Mara vidole vikashika njia. Na kule chumbani kukawa kimya.

Unajua kimya cha mtoto ambaye amelia tangu alfajiri? Machozi yalinitoka, sikuyazuia.

"Anaitwa nani?" yule kijana akauliza.

"Bado."

Akainamisha kichwa. Tukakaa hivyo kidogo, mimi napiga, mvua inanyesha. Kisha akasema, "Na yule mama wa Matulo, bado anaweka chakula kando?"

Kweli Kukhu alikuwa na tabia hiyo. Kila jioni akipika alitenga sahani moja, akaifunika, hata kama tumejaa watoto wenye njaa. Sisi tulizoea kwamba ni ya mgeni atakayechelewa.

"Bado," nikasema.

"Mwambie aache. Chakula inaharibika bure. Mwambie nimeshiba."

Vidole vyangu vikasimama. Mimi sikuwa nimemtajia Matulo. Nikafungua mdomo nimuulize amemjulia wapi nyanya yangu, na Nasimiyu akaita kutoka chumbani, "Baba Mercy! Unaongea na nani?" Niligeuza shingo kumjibu. Nilipoirudisha, mbele yangu kulikuwa na mvua tu.

Nilikimbia mpaka langoni. Lango lilikuwa na komeo, kwa ndani. Njia yetu ilikuwa tope jekundu tupu, na tope lile halikuwa na alama ya kiatu isipokuwa changu. Mama Chebet, jirani wa ng'ambo, alikuwa mlangoni kwake anakinga maji ya paa. Nikamuuliza mgeni wangu amepita wapi.

"Mgeni gani?" akasema. "Mimi nimekuona wewe peke yako. Unacheka, unaongea na ukuta, unaharibu baiskeli yako. Nikasema, woi, sasa mambo ya mtoto imemfikia kichwa."

Nilirudi ndani. Mtoto alikuwa ameanza tena kulia. Nilimweleza Nasimiyu yote, nikitegemea aniambie nimechoka nilale. Alisikiliza mpaka mwisho. "Kesho tunaenda Matulo," akasema.

Tulimkuta Kukhu uani anapukuchua mahindi. Alimpokea mtoto, akaitazama ile shingo, akampakata na kuendelea kupukuchua. Mimi sikuanza na maneno. Nilikaa kwenye kigoda, nikapiga ule wimbo.

Mikono yake ilisimama juu ya gunzi. "Nani alikupa hiyo?"

Nikamweleza. Kijana, koti, waya ya breki, dole gumba. Nilipofika kwenye sahani ya chakula niliusema ujumbe wote kama nilivyopewa.

Ndipo nikaambiwa vizuri habari ambayo utotoni niliisikia nusu nusu. Kukhu alikuwa na kitinda mimba, Khaemba, ndugu mdogo wa baba yangu. Alijitengenezea banjo ya mkebe wa mafuta ya kupikia, nyuzi akazitoa kwenye breki za baiskeli za watu, na hiyo ilimletea kesi nyingi. Mwaka ambao mama yangu alikuwa na mimba yangu, akavuka mto Lwakhakha kuingia Uganda, apige kwenye sherehe za huko, kisha arudi kwa mavuno. Huko kulikuwa kubaya nyakati zile. Hakurudi, wala hakuna aliyeleta habari. Kwetu mtu akifia mbali na mwili usipatikane, mgomba huzikwa mahali pake ili naye apate kupumzika nyumbani. Kukhu alikataa mgomba. Alisema mwanawe hajafa, amechelewa. Na kwa kuwa alikataa, hakuna mtu wa ukoo aliyethubutu kumtaja Khaemba pamoja na wafu, mwaka baada ya mwaka. Hata siku ile ya majina, kwenye kochi letu, Kukhu alimruka.

"Mwanangu yuko Uganda," akasema sasa, kwa ukali. "Ako na nyumba huko. Ako na bibi na watoto. Wewe uliona mtu mwingine."

Nilijua ninachomwomba. Nilikuwa namwomba amwachilie wake ili wangu akae. Hakuna siku niliyojiona mkatili kama siku ile, na bado sikuondoka pale kwenye kigoda.

Nasimiyu alipiga magoti mbele yake. "Kukhu," akasema, "mtoto anaisha."

Kukhu alitazama barabara muda mrefu. Kisha akanigeukia, na sauti yake haikuwa na ukali tena.

"Huyo uliyemwona, alikuwa mzee?"

"La, Kukhu. Ni kijana. Labda mdogo kuliko mimi."

"Hana mvi?"

"Hana hata moja."

"Khaemba angekuwa na mvi sasa," akasema. "Baba yako alikuwa nazo." Alifuta mikono kwenye leso, kidole kimoja kimoja. "Kumbe hakuzeeka mtoto wangu. Kumbe ni wakati ule ule."

Alilia. Nasimiyu akalia, mimi nikalia, na mtoto alikuwa ameanza tena kulia mapajani mwake, kwa hiyo ua mzima ulikuwa kilio. Kisha Kukhu akamwinua mtoto mpaka uso wake, pua kwa pua.

"Khaemba," akamwita. "Ni wewe?"

Mtoto akakata sauti. Nimesema akakata, si kwamba alipunguza. Alimtazama Kukhu, akapiga chafya, akageuza kichwa kutafuta ziwa. Nasimiyu alimchukua haraka, na alinyonya mpaka jasho likamtoka kwenye paji la uso, mpaka akalala na mdomo umejaa.

Jioni ile Kukhu alipika ugali na kuku. Alipopakua, mkono wake ulitenga ile sahani kando kama kawaida. Akaitazama. Akaichukua, akampa Nasimiyu juu ya ile aliyokuwa ameshampa. "Kula, mama," akasema. "Wewe unanyonyesha."

Baadaye ukoo ulikusanyika tukauzika mgomba pale nyumbani, na mchungaji akaomba, ingawa alitaka kwanza nimhakikishie kwamba sijaanza kuabudu mizimu. Nikamwambia mimi siabudu mtu anayechukua breki za baiskeli yangu. Kukhu aliishi miaka mingine kadhaa, na kitukuu wake huyo alipojifunza kutembea, alimgombeza kila alipokaribia barabara: "Wee Khaemba, utaenda wapi tena?" Mtoto alicheka tu, akarudi mbio. Sasa ni mvulana mrefu, anakula sana, haamki hadi afukuzwe kitandani.

Na mimi? Mpaka leo napiga wimbo ule mmoja tu, sijui mwingine. Wakati mmoja uzi ulikatika, nikanunua waya ya breki mpya nikajaribu kufumua mwenyewe, nikaishia na vidole vinavyovuja damu. Ule ujuzi haukuwa wangu. Usiku wa mvua ya mawe, Nasimiyu akiona nasikiliza sana kuelekea nje, hunishika bega bila kuniuliza, nami huona huzuni kidogo kwamba hakuna anayebisha hodi. Natamani ningekuwa nimemwita baba mdogo walau mara moja, akiwa pale verandani.

Kwa hiyo nakuonya, wewe unayenisikiliza. Huenda kwenu pia yupo mmoja ambaye mnasema yuko safarini, na miaka imepita, na hakuna anayethubutu kumtaja mbele ya mama yake. Najua mnamficha kwa upendo. Lakini yeye yuko nje kwenye mvua na hawezi kujifungulia. Mkaribisheni, jamani. Mwiteni kwa jina lake, mama yake akiwepo, na mkae na mama huyo akilia.